Velma Agoma Kurudisha Kiti

Ukarani wa mji wa Marais nimeufanya kwa miaka ishirini na sita. Nimeandikisha wapiga kura, mbwa, ndoa na vifo, na siku moja nilimwandikisha mbwa kwenye daftari la ndoa. Lakini sijapata kuona tena kisa kama cha Clovis Bouchette, aliyenyang'anywa kiti cha ubunge na mke wake wa ndoa, tena kiti alichompa mwenyewe kwa mkono wake.

Jimbo letu ni la 152, huku juu kabisa ya Maine, ambako barabara ikifika inageuza. Lina miji miwili, Marais na Kimball, na katikati ni viazi. Kila baada ya miaka kumi sensa ikipita, wakubwa kule mji mkuu wa Maine huchukua ramani na kuyakata majimbo upya, nasi hutuunganisha na yeyote aliyebaki mezani. Kuna wakati jimbo lilikuwa na umbo la soksi. Kuna wakati lilipita katikati ya zizi la Leonce Daigle, ng'ombe wakawa na wabunge wawili.

Na wabunge tuliowapeleka, Mungu anatuona. Wa kwanza alikuwa mkata magogo aliyechaguliwa kwa sababu sauti yake ilivuka mto. Babu yangu alikuwa akisimulia habari za mwingine aliyekaa bungeni miaka sita na kusimama mara moja tu, kuomba dirisha lifungwe. Tukamchagua tena, maana dirisha lilifungwa. Chama cha pili hakijasimamisha mtu huku tangu mgombea wao wa mwisho ahamie Florida katikati ya kampeni na kututumia kadi.

Ndipo akaja Clovis. Alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji kwa miaka thelathini, mtu mnene, mcheshi, mwenye masharubu kama ufagio, na alikuwa akimjua kila mtu kwa kuwa alishawahi kuugonga mlango wa kila mtu kuomba radhi kwa sanduku la barua alilolivunja. Tulimpa kiti kwa vipindi vinne. Miaka minane hiyo alipigania jambo moja: ploye, ile chapati yetu ya ngano nyeusi, itangazwe kuwa chapati rasmi ya Maine. Kila mwaka aliuwasilisha mswada, kila mwaka kamati ikauahirisha, na kila mwaka alirudi akisema, "Mwaka huu walikaribia. Mmoja alionja."

Sasa, sheria ya kwetu inasema mbunge akishakaa miaka minane mfululizo ni lazima apumzike kipindi kimoja, ndipo aweze kugombea tena. Clovis hakutaka mgeni akizoee kiti chake. Akamwambia mkewe Velma, "Mama, nishikie miaka miwili. Kalia tu, kisipoe."

Velma alikuwa mpishi wa shule ya Marais tangu ujana wake. Nusu ya jimbo ilikula mkononi mwake, na nusu nyingine ilikemewa naye kwa kutomaliza karoti. Alikuwa mwembamba, mkimya, na akikutazama juu ya miwani unakumbuka kosa ambalo hujalitenda bado. Alisema, "Haya," tukamchagua, akafunga sanduku lake, akaenda bungeni.

Miezi mitatu baadaye daraja la Kimball, lililokuwa limeinama tangu nikiwa msichana, likaja kutengenezwa. Kisha wazee wanaotunzwa kwenye nyumba ya kilimani wakapata basi dogo la kuwapeleka dukani na hospitali. Hayo Clovis aliyapokea vizuri, akawa anasema "tumelipata daraja". Kilichomuua ni habari ya mwezi wa tano. Velma alipiga simu nyumbani jioni, nami nilikuwa jikoni kwao nikinywa kahawa, maana mimi na Clovis ni binamu. Huku kila mtu ni binamu wa mtu.

"Clovis," Velma alisema, "ule mswada wako wa ploye umepita."

"Umepita wapi?"

"Umepita tu. Umekuwa sheria."

Clovis alikaa chini. "Ilichukua muda gani?"

"Dakika kumi na moja. Ingekuwa tisa, lakini waliniomba namna ya kuzipika."

"Mimi nilihutubia miaka minane!"

"Ndiyo. Wameniambia. Mimi niliwapelekea sahani."

Usiku ule na mchana uliofuata Clovis hakula ploye hata moja. Nilijua hapo kuwa mambo yamekwisha kuharibika.

Mwaka wa pili ukafika, na mwezi wa tatu Clovis akaingia ofisini kwangu akipangusa theluji kwenye buti, na karatasi za sahihi mkononi. Ili ugombee kwa tiketi ya chama, lazima ulete sahihi za wapiga kura, na karani wa mji azihakiki moja moja. Ni kazi yangu.

"Haya, dada Odile," alisema, "gonga mhuri. Narudi nyumbani kwangu."

Nikashusha miwani. Nikaipandisha. Nikaishusha tena.

"Clovis, kaa kwanza."

"Sina haja ya kukaa."

"Kaa, binamu. Mtu akitia sahihi kwa mgombea mmoja hawezi kutia kwa mwingine wa kiti hichohicho. Ya kwanza ndiyo inayohesabika. Na kati ya hizi zako thelathini na mbili, ishirini na saba zimeshatiwa kwa mtu mwingine tangu mwezi wa kwanza."

"Mtu mwingine nani?" Aliangalia mlangoni, kama mtu huyo angeingia. "Wa Kimball?"

"Hapana. Wa hapahapa."

"Nani huyo mwenye uso wa kunichukulia kiti? Niambie nimfuate nyumbani kwake!"

"Hutahangaika kumfuata," nikamwambia. "Mnalala chumba kimoja."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alizichukua karatasi zake, akazisoma kwa kidole, na alipofika sahihi ya kumi akasimama. "Huyu ni Rosaire. Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Amesaini kwangu jana!"

"Na kwa Velma mwezi wa kwanza. Nilimuuliza. Anasema hapendi kumkatalia mtu."

Yaliyosemwa jioni ile nyumbani kwao nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, nami nayapatanisha hivi. Clovis aliingia, akakuta Velma anamenya viazi.

"Velma, nilikuambia ukishikilie kiti!"

"Nimekishikilia."

"Sasa kiachie!"

"Clovis, miaka arobaini nimesimama kwenye jiko nikiuliza nani anataka mchuzi. Nimefika mahali nikisema jambo, watu wanaandika. Siachii." Akakata kiazi vipande viwili. "Na wewe kule ulikuwa unafanya nini hasa? Kwenye dawati lako nilikuta maganda ya karanga tu."

Kwa neno la karanga Clovis aliona amedhalilishwa. Alitoka, akaenda kwenye lile gari lao la kambi lililoegeshwa uani, lile la kukokota wakati wa kiangazi, akapeleka mto, redio na blanketi. Kesho yake akabandika karatasi mlangoni: MAKAO MAKUU YA KAMPENI. Kwa kuwa tiketi ya chama ilikwishakwenda, akatafuta sahihi nyingine na kusimama kama mgombea binafsi. Safari hii alisimama juu ya kila mtu anayesaini na kumuuliza, "Umesaini kwingine? Niapie."

Basi tukawa na Bouchette wawili kwenye karatasi ya kura. Na hapo ndipo matatizo ya mabango yalipoanza. Mabango ya Clovis ya miaka yote yalikuwa yameandikwa MCHAGUE BOUCHETTE tu, bila jina la kwanza, maana nani mwingine? Yalikuwa gereji, mia mbili na kumi. Velma akasema ni mali ya ndoa. Wakagawana, mia na tano kila mmoja. Jimbo zima likajaa mabango yaleyale, na asubuhi Clovis akiona bango asilolijua anaanza kukuna kichwa: hili ni langu au ni lake? Mwishowe alichukua rangi akachora masharubu kwenye yake. Wiki iliyofuata mabango yote mia mbili na kumi yalikuwa na masharubu. Velma aliapa hakuhusika. Mimi namshuku Rosaire, ambaye hapendi kubagua.

Lakini msidhani walinuniana. Ndilo lililotutatiza sote. Kila siku saa sita mchana Velma alitoka na sahani ya chakula, akagonga mlango wa makao makuu, na chini ya sahani akaweka kikaratasi cha kampeni yake. Clovis alikula, akaosha sahani, akairudisha na kikaratasi chake. Jumapili walikwenda kanisani gari moja. Clovis akiendesha, Velma akimwambia apunguze mwendo.

Mwezi wa kumi tulifanya mdahalo kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, pamoja na chakula cha maharage. Ni maharage yetu ya shimoni, yanafukiwa na makaa tangu jana yake, na mtu wa Marais hawezi kuyakosa hata kama ni kwa ajili ya siasa. Watu walikuja mia tatu. Mimi ndiye niliyewekwa kuuliza maswali, kwa kuwa nina kengele.

Swali la kwanza lilikuwa la barabara ya kinamasini, ambayo kila masika inazama.

Clovis akasimama, akashika mkanda. "Ndugu zangu! Barabara ile naijua kuliko mnavyozijua shuka zenu. Nimeisukuma theluji miaka thelathini. Mkinirudisha, nitasimama mbele ya bunge na kusema: ndugu waheshimiwa, kinamasi!"

Watu walipiga makofi. Nikampa Velma zamu.

"Wanaanza kuijaza kokoto mwezi wa sita," alisema, akaketi.

Makofi yakawa machache, kwa sababu watu walikuwa wanafikiri. Kisha kutoka nyuma Leonce Daigle akanyoosha kijiko. "Mimi nina swali kwa wote wawili. Nani anakoroma?"

"Hilo si swali la bunge!" nikapiga kengele.

"Linahusu usikivu wa mgombea, dada Odile."

"Yeye," wagombea wakasema pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

"Mimi nakoroma?" Clovis akageuka, uso mwekundu. "Mwanamke, tangu nihamie garini paka amerudi nyumbani! Alikuwa amekimbia kelele zako!"

"Paka amerudi kwa sababu nimebadilisha chakula chake," Velma akasema. "Jambo ambalo nilikuomba ulifanye mwaka mzima nilipokuwa bungeni."

Ukumbi uliangua kicheko hadi bakuli zikamwagika. Clovis naye akacheka, akijaribu kujizuia, masharubu yakimtetemeka. Lakini nilimwona alipoketi. Alimtazama Velma akijibu swali la bei ya viazi, takwimu zote kichwani, bila karatasi, na watu wakimsikiliza vijiko vikiwa hewani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeishi na jirani miaka mingi na leo ndipo anamsikia akipiga kinanda.

Siku ya uchaguzi, mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza ikaanguka bila kubisha hodi. Vituo vya kura vilifunguliwa asubuhi, na mchana simu ikalia kituoni kwetu. Lile basi dogo la wazee, lile la Velma, limeteleza pale kilimani na kuingia mtaroni likiwa na wazee kumi na wanne ndani. Hakuna aliyeumia, ila dereva hawezi kulitoa, na gari la kuvuta magari liko Kimball likiwatoa wengine. Velma mwenyewe alikuwa hukohuko Kimball, akisalimia watu.

Clovis alikuwa amesimama nje ya ukumbi, umbali unaoruhusiwa na sheria, akipeana mikono. Nilitoka kumwambia mtu yeyote mwenye gari kubwa, naye akanisikia. Kila mtu wa Marais alijua wale wazee watampigia nani. Walikuwa wamevaa beji za Velma tangu mwezi wa saba. Mmoja alikuwa amelazwa nayo hospitali.

Clovis aliingia kwenye pikapu yake yenye picha yake kubwa mlangoni, akaondoka.

Robo saa baadaye alirudi na wanne wa kwanza. Mbele aliketi Hermance Daigle, mama yake Leonce, miaka tisini na mitatu, mkongojo katikati ya magoti.

"Kijana," nilimsikia akimwambia Clovis wakati anamshusha, "usidhani nitakupa kura kwa kuwa umenipakia."

"Sijadhani, mama."

"Na unaendesha kama unakimbizwa na polisi."

"Nitapunguza, mama."

"Velma ana nidhamu. Wewe una mdomo."

"Ndiyo, mama. Angalia ngazi hiyo, ina barafu."

Akarudi kilimani, akaleta wengine wanne, kisha wengine wanne, kisha wawili waliobaki. Katika safari ya tatu mzee mmoja alikumbuka amesahau miwani, Clovis akapanda tena kilima kwa ajili ya miwani tu. Alipomaliza aliingia kupasha mikono moto karibu na meza yangu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa karani hatakiwi kuwa na upande:

"Binamu, unajua unachokifanya?"

"Najua kuhesabu, Odile."

"Basi?"

"Basi nini? Nimesafisha kilima kile miaka thelathini ili watu washuke. Leo niwaache mtaroni kwa sababu ya beji?" Akavuta makamasi. "Ila yule Hermance angeweza kusema asante mara moja. Mara moja tu."

Jioni tukahesabu. Kimball wakatuma zao kwa simu. Velma Bouchette, kura elfu mbili na sitini na moja. Clovis Bouchette, elfu mbili na hamsini na mbili. Kura tisa. Watu waliokuwa ukumbini walianza kutoa kumi na nne katika kura za Velma kimoyomoyo, midomo ikitembea.

Velma alikuwa ameshafika. Hermance ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya viziwi, kwa hiyo sote tulieleweshwa upya. "Alitupakia sote! Vibaya, lakini sote!"

Velma akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kisha akaniambia, "Odile, nipeleke nyumbani. Gari langu limezibwa."

Tulipofika uani, lile gari la kambi lilikuwa limefunikwa theluji hadi dirishani, na taa ndogo inawaka ndani. Velma akagonga kwa mpini wa koleo la theluji. Mimi nilibaki karibu na gari langu, nikijifanya natafuta ufunguo ulio mkononi.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mbunge wako."

"Ofisi imefungwa."

"Clovis, toka humo. Maji yameganda kwenye bomba, naona kutoka hapa."

"Natafakari matokeo."

"Katafakari ndani. Kuna supu ya njegere."

Mlango ukafunguka kidogo, masharubu yakatokea kwanza, yana barafu. "Velma, nikuulize jambo kwa dhati. Utakikalia mpaka lini?"

"Sheria inaniruhusu minane. Nimekula miwili."

"Sita! Miaka sita tena! Nitakuwa na sabini na nne!"

"Utakuwa umekomaa."

Nilimwona Clovis akianza kucheka, kicheko kilekile cha mdahaloni, mabega kwanza. Velma akampa mkono ashuke, kwa kuwa ngazi ilikuwa na barafu, na alipokanyaga chini hakumwachia. "Asante kwa wazee wangu," akamwambia.

"Wanaendelea vizuri?"

"Hermance anasema unaendesha kama mwendawazimu."

"Yule mama," Clovis akasema, "ningemwacha mtaroni." Wakaingia ndani, na mimi nikaupata ufunguo wangu.

Mwezi wa kumi na mbili wabunge wakaitwa kula kiapo. Mji mkuu uko mwendo wa saa tano kutoka kwetu, na siku hiyo kulikuwa na dhoruba ambayo mtu mwenye akili hangetoka nayo. Clovis alimwendesha Velma njia nzima, polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, akisimulia kila kona iliyowahi kumwingiza mtaroni. Walifika kabla ya wabunge wanaokaa mtaa wa pili.

Clovis akapanda juu, kwenye viti vya wageni, na koti lake la Jumapili. Velma akaketi chini kwenye dawati lile la maganda ya karanga. Karani wa bunge akaanza kuita majina kwa mpangilio, na alipofika kwa "Mheshimiwa Bouchette", Velma akasimama chini, na kule juu, kwa sauti iliyozoea kushindana na injini ya gari la theluji, mtu mwingine naye akasimama na kuitika, "Nipo!"

Bunge zima likageuza shingo. Velma anasema Spika aliomba atambulishwe, na kwamba watu walipiga makofi, wengi zaidi kuliko aliyopata yeye. Clovis anakana yote hayo. Anasema alikuwa ananyoosha mgongo tu, baada ya saa tano kwenye gari.